Ndoo Isiyokwanguliwa

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na uongo wote uliingilia kwenye ukurasa wa pili.

Ukurasa wa kwanza haukuwa na neno. Jina, umri, simu, aina ya biashara: kutengeneza chaki za shule. Mkurugenzi anataja, binti yake anaandika, maana mwandiko wa baba ulikuwa kama msafara wa siafu na mwandiko wa binti ungeweza kutundikwa ukutani. Hilo jina la Mkurugenzi alipewa na majirani, siku alipoanza kuzunguka mashuleni na mkoba mweusi wenye sampuli za chaki, tai shingoni, viatu vimepigwa rangi mpaka nzi anateleza. Walimpa kwa kumtania. Yeye akalipokea kwa mikono miwili.

"Swali la tisa," binti akasoma. "Nani alianzisha biashara hii, na ilianzaje? Eleza kwa kirefu."

Mkurugenzi akakohoa. Uani mkewe alisikika akigonga kalibu kwenye ukingo wa meza ili chaki zitoke, ko, ko, ko, kama alivyozigonga kila siku kwa miaka tisa.

"Na hapo chini wameandika kwa herufi nzito," binti akaendelea. "Nafasi hii ya mafunzo ni ya mwanzilishi peke yake. Mtu mwingine hapokelewi."

"Andika mimi."

Binti akainua kichwa. "Baba?"

"Andika, mwanangu. Fomu ni fomu tu, haina masikio."

Angeishia hapo tungesema ni mtu aliyebanwa na swali. Lakini ulimi ukishaonja uongo hautosheki na kijiko kimoja. Aliegemea kiti, akafumba macho, akasimulia. Kwamba alikuwa mfagizi wa shule. Kwamba kila jioni alizoa vipande vya chaki chini ya ubao, akavifunga kwenye kitambaa, akaenda kuvisaga kwa chupa ili ajue vimetengenezwa na nini. Kwamba alianza na ndoo moja iliyopasuka mdomo. Kwamba mara ishirini na mbili mchanganyiko ulimgandia ndooni kabla hajaumimina, akalia, na mara ya ishirini na tatu ukakubali. Hayo yote yalikuwa kweli tupu, ila hayakumtokea yeye. Miaka hiyo yeye alikuwa dereva wa lori la watu, na alipomkuta mkewe jikoni akisaga chaki alimuuliza kama kichwa chake kiko sawasawa.

"Swali la kumi," binti akasema. "Mwenza wako anashiriki vipi katika biashara?"

Ko, ko, ko, kule uani.

"Mke wangu ni mama wa nyumbani," Mkurugenzi akasema, upesi upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Binti akaandika. Hakuuliza tena. Lakini herufi zake kwenye swali la kumi zilikuwa ndogo kuliko kote, na aliinama sana alipokuwa akiziandika.

*

Tuseme haki: ni mke mwenyewe aliyemtuma. Majirani walimwita Mama Chaki, na habari za mafunzo hayo ya wajasiriamali zilimfikia yeye kwanza, kutoka kwa mkuu wa shule ile aliyokuwa akiifagia. Miezi sita, kila Jumamosi, chuoni, pamoja na wenye biashara kubwa kubwa. Ada ilikuwa kiasi kile kile alichokuwa ameweka akiba ili waezeke banda la kuanikia. Chaki haitaki mvua. Ikinyeshewa kabla haijakauka inarudi kuwa uji, na wao miaka yote walikuwa wakianika kwenye uwanja mtupu na kukimbizana na mawingu.

"Bati zitangoja," Mama Chaki alisema, akihesabu zile noti mara ya mwisho. "Nenda wewe, unajua kusimama mbele za watu. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuchanganya, siwezi kutoka. Ila kila ukirudi unikalishe chini unifundishe walichokufundisha. Ada moja, vichwa viwili."

"Kichwa kimoja na nusu," mumewe akamtania. "Changu hiki si unakijua."

Wakacheka. Hapo fomu ilikuwa bado haijajazwa, na walikuwa na haki ya kucheka.

Kule chuoni palikuwa na kiyoyozi, viti vinavyozunguka na ubao mweupe wa kuandikia kwa kalamu za wino. Hapakuwa na chaki hata moja, kwa hiyo hakuna aliyeijua kazi yake, na Mkurugenzi alilichukulia hilo kama bahati. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Siku ya kwanza aliwataka kila mmoja asimame aeleze alivyoanza. Zamu ya Mkurugenzi ilipofika alisimulia yale ya kwenye fomu, akaongeza na machozi mahali pa machozi. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja mnene aliyeketi jirani naye, mwenye mabasi kumi na moja barabarani, alitoa kitambaa akajifuta jicho.

"Ndoo moja!" Mwenye Mabasi akasema. "Bwana, wewe ni mwanamume." Tangu siku hiyo darasa zima likamwita Bwana Ndoo Moja, na yeye akawa anaitika.

Nyumbani, Jumamosi ya kwanza, Mama Chaki alinawa mikono, akaketi na daftari kuukuu la binti lililobaki kurasa nyingi nyeupe. Mumewe akamfundisha, nusu saa. Jumamosi ya pili alisema amechoka. Ya tatu alisema, "Leo ni mambo mazito, mama watoto, utaumwa kichwa bure." Watoto wenyewe alikuwa mmoja tu, lakini ndivyo alivyozoea kumwita. Jumamosi ya nne Mama Chaki hakulileta daftari. Lilibaki dirishani, limekunjwa mahali alipoishia, na Mkurugenzi kila alipopita alitazama kwingine. Si kwamba somo lilikuwa zito. Aliogopa. Akimfundisha atauliza maswali, na akiuliza maswali yake yale ya mtu anayejua kazi, itakuwa wazi nani alipaswa kukaa kwenye kile kiti kinachozunguka. Aliona haya, na mtu mwenye haya asiyetubu huwa mkali. Akaanza kumkaripia mkewe kwa vitu vidogo: chai imepoa, vumbi limeingia viatuni.

Mwezi wa tatu, Mkufunzi akatangaza kwamba darasa litaanza kutembelea biashara za wanafunzi, kuziona kwa macho.

"Tutaanza na chaki," akasema, akivaa miwani. "Jumamosi ijayo. Nimetaka kuiona ndoo hiyo tangu siku ya kwanza."

Darasa likashangilia. Mkurugenzi naye akashangilia, kuliko wote.

*

Siku tano alizunguka na neno mdomoni. Ijumaa alasiri ndipo alipomfuata mkewe uani, akijifanya amekuja kumsaidia kupanga trei.

"Kesho wageni," akasema.

"Najua, umeshasema mara tatu. Nimewakopea viti kwa jirani."

"Sasa... unajua, wale watu wananijua mimi. Mimi ndiye ninayesema. Kwa hiyo kesho wewe usijitambulishe sana."

Mama Chaki aliendelea kupanga. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni, na ufa mdogo kwenye kila kidole, maana unga wa jasi, huo unaotengenezewa chaki, hunyonya maji yote ya ngozi. "Wakiniuliza niseme mimi ni nani?"

"Sema unafanya kazi hapa."

Akamtazama kidogo. "Basi si uongo. Nafanya kazi hapa."

Alilichukua jambo lenyewe kwa wepesi, na wepesi huo ulimchoma Mkurugenzi kuliko ugomvi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Binti alikuwa akifua karibu na bomba; alisikia kila kitu, akazidi kusugua nguo iliyokwisha kutakata.

*

Wageni walikuja kumi na wanne, kwa magari matano, mtaa ukatoka nje kutazama. Mkurugenzi alikuwa amevaa suti, kwenye joto lile. Mama Chaki alivaa koti lake la kazi na kilemba kilichofifia, akasimama nyuma ya meza ya kalibu kama mtu wa kibarua.

Viti havikutosha. Mkufunzi akakataa kukaa, akafungua faili.

"Kabla hatujaona lolote," akasema, "nataka tukumbushane tuko mbele ya nani. Nitasoma alivyoandika mwenzetu mwenyewe." Akasoma. Akasoma kwa sauti nzuri, taratibu, neno kwa neno. Mfagizi. Vipande chini ya ubao. Kitambaa. Chupa. Ndoo iliyopasuka mdomo.

Mkurugenzi hakuthubutu kugeuka. Lakini masikio yake yalikuwa kule nyuma, kwenye meza ya kalibu, na kule nyuma ko, ko, ko ilikuwa imekatika. Mkufunzi akaendelea mpaka mara ya ishirini na tatu.

"Hongera, bwana!" Mwenye Mabasi akapiga makofi, na wote wakapiga.

"Umeandika pia kwamba una mke," Mkufunzi akasema, akifunga faili. "Mama wa nyumbani. Yuko wapi tumsalimie? Si vizuri kuingia nyumba ya watu bila kumsalimia mwenye nyumba."

Hapa palikuwa na mlango, jamani. Mdogo, lakini ulikuwa mlango. Angeweza kusema, "Huyu hapa." Maneno mawili. Angeaibika, ndiyo, lakini aibu ya siku moja. Mkurugenzi alifungua kinywa, akamwona Mwenye Mabasi amemkodolea macho ya upendo, na kinywa kikasema chenyewe:

"Amesafiri. Amekwenda kwao kidogo."

Mama Chaki alikuwa hatua nne kutoka pale, trei mikononi. Hakuidondosha. Aliiweka mezani polepole, akainyoosha ikae sawa na ukingo.

Binti akatoka na jagi la maji na bilauri. "Huyu ni binti yangu," Mkurugenzi akasema haraka, afadhali kitu kimoja cha kweli. Binti hakuwatazama wageni. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Mama, kitambaa cha kufutia bilauri kiko wapi?"

"Kwenye kamba," mama yake akajibu.

Mwenye Mabasi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umelea, bwana. Mtoto anamwita fundi wa kuajiriwa mama! Wa kwangu wanawaita madereva wangu 'wewe'." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda kuongea na wafanyakazi, akamsogelea Mama Chaki. "Hujambo, fundi? Kazi nzuri. Niambie bila kuogopa, na bosi asikie: anakulipaje hapa?"

Mama Chaki alijifuta mikono kwenye koti, kidole kimoja kimoja.

"Bado hatujaelewana," akasema.

Wageni wakaangua kicheko. Mwenye Mabasi alicheka mpaka akakohoa, akampiga Mkurugenzi begani. "Jihadhari na huyu, Ndoo Moja! Huyu atakugomea!" Mkurugenzi akacheka nao. Alihisi jasho likimtiririka mgongoni ndani ya suti, na alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi nayo ina kazi zake.

"Sasa tuonyeshe," Mkufunzi akasema. "Changanya wewe, kama ulivyoanza. Tuone mkono wa mwanzilishi."

Tangu aache lori Mkurugenzi alikuwa ameuza chaki, ameifunga, ameibeba, ameisifia. Kuichanganya hajawahi. Lakini alikuwa ameona inavyofanywa mara elfu, na mtu aliyeona mara elfu hujidanganya kwamba anajua. Akavua koti la suti. Akainama chini ya meza, akachukua ndoo iliyokuwa karibu.

"Bosi," Mama Chaki akasema.

Lilikuwa neno jipya kinywani mwake. Lilimpiga Mkurugenzi usoni kama maji baridi.

"Bosi, ndoo hiyo haijakwanguliwa."

Kweli, chini ya ndoo palikuwa na utando mgumu wa kazi ya asubuhi. Kila aliyefanya kazi hiyo anajua: jasi mbichi ikikutana na jasi iliyokwisha kuganda, huiga tabia ya mwenzake. Kazi ya dakika kumi inaganda kwa dakika mbili. Ndiyo maana Mama Chaki alikwangua ndoo zake kila baada ya mchanganyiko, kwa kijiko, kwa kucha, mpaka plastiki ing'ae. Mkurugenzi alikuwa akimsikia akikwangua miaka tisa na kufikiri ni usafi tu wa wanawake.

"Wewe endelea na trei zako, fundi," akasema, kwa ile sauti ya mabosi. "Ndoo nazijua mimi."

Akatia maji. Akatia unga. Akakoroga kwa mwiko, huku akieleza habari za masoko na wateja, maneno ya darasani. Uji ukawa mzito. Akaongeza maji, ukazidi uzito. Akakoroga kwa nguvu zaidi, na hilo nalo ni kosa, maana kukoroga sana huiharakisha. Akasema, "Sasa tunamimina," akainamisha ndoo juu ya kalibu. Hakikutoka kitu. Akaitikisa. Akaigeuza juu chini kabisa. Mwiko ulibaki umesimama humo, umeshikwa barabara, kama mti uliopandwa.

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi angelipa ada nyingine wangecheka.

"Hutokea," Mwenye Mabasi akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya sana.

Mkufunzi alikuwa hamtazami Mkurugenzi. Alikuwa anamtazama yule fundi, ambaye alikwisha kuinama na kuchukua ndoo nyingine na kuikwangua, bila kuambiwa, bila haraka, akipitisha kidole kuhakikisha. Akaweka maji kwanza. Akanyunyiza unga kwa kiganja, mpaka ukazama wenyewe majini. Akakoroga mara chache tu. Akachovya kidole, akangoja, akachovya tena. Kisha akamimina, kalibu ikajaa mpaka ukingoni bila tone kupotea, na baada ya muda akagonga: ko, ko, ko. Chaki mia moja na arobaini zikalala kwenye trei, nyeupe, zilizonyooka.

"Ahsante, mama," Mkufunzi akasema. Akaandika kitu kwenye faili yake, na akatangaza kwamba muda umekwisha.

*

Magari yalipoondoka, Mkurugenzi alibaki amesimama uani na shati lililolowa. Mkewe alikuwa anapanga viti vya jirani, kimoja juu ya kingine.

"Mama watoto," akasema. "Nisamehe."

"Nimekwenda wapi?"

"Nini?"

"Umewaambia nimesafiri. Nauliza nimekwenda wapi, nijue nitarudi lini."

Mkurugenzi akachukua kiti kimoja, akakiweka juu ya vingine. Binti aliingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Wiki iliyofuata Mama Chaki hakununa, hakupiga kelele, hakuhama chumba. Alifanya kazi zote kama kawaida. Ila jina la "mume wangu" lilitoweka, na "baba watoto" likatoweka nalo. "Bosi, chai iko mezani." "Bosi, unga umekaribia kwisha." Alilisema kwa adabu kabisa, jicho chini, kama afanyavyo mtu aliyeajiriwa. Jirani mmoja alilisikia juu ya ukuta akafikiri ni mapenzi, akamwambia Mkurugenzi, "Unaheshimiwa kwako, ndugu yangu." Mkurugenzi akaingia ndani, akakaa kitandani, akaweka uso mikononi.

Jumatatu mchana mawingu yalijikusanya ghafla. "Bosi, mvua," Mama Chaki akasema tu, na wote watatu wakakimbia na trei, wakajaza chumba cha kulala, wakajaza jiko. Ishirini na mbili waliziokoa. Tisa zilinyeshewa pale pale. Mkurugenzi alisimama mlangoni akazitazama zikigeuka uji, mahali ambapo banda lingekuwa, lenye bati ambazo alizikalia yeye kila Jumamosi kwenye kile kiti kinachozunguka. Kesho yake asubuhi alivaa shati tu, bila tai, akaenda chuoni.

*

Mkufunzi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumsaidia hata kwa neno moja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Bosi akiaibika mbele za watu, mwajiriwa huogopa, au hufurahi kimoyomoyo. Yule hakuogopa wala hakufurahi. Aliona huzuni. Huzuni ya namna hiyo humwonei mtu asiye wako."

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umeumbuliwa tu. Nilitaka nione kama utakuja." Akafungua droo, akatoa ile fomu ya zamani na nyingine tupu. "Hii ya kwanza mpelekee aisome yeye mwenyewe, yote. Akikubali kuja, aijaze hii mpya kwa mkono wake. Asipokubali, nafasi imekwisha, na ada hairudi. Darasa nitaliambia mimi, au utaliambia wewe?"

Mkurugenzi akamwona mawazoni Mwenye Mabasi na kitambaa chake. "Nitawaambia mimi," akasema.

Jioni hiyo aliiweka fomu mezani mbele ya mkewe, akakaa upande wa pili, binti kati yao. Mama Chaki akainawia mikono kama alivyonawa Jumamosi ile ya kwanza. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Alisoma habari za kitambaa, na chupa, na ndoo. Alipofika kwenye mara ishirini na mbili alisimama, akarudia.

"Hata hesabu umeipatia," akasema. "Kumbe ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza."

"Miaka yote nilidhani nausimulia ukuta."

Kisha akafika swali la kumi. Alikaa nalo muda mrefu, ingawa lilikuwa mstari mmoja tu. "Hapa mwandiko umebadilika," akasema. Binti akaanza kulia. "Nisamehe, mama." "Wewe uliandika ulichoambiwa," mama yake akamjibu, akamvuta kichwa begani.

Fomu mpya ilikaa mezani siku mbili bila kuguswa, na siku hizo Mkurugenzi akawapigia simu wenzake wa darasa, mmoja mmoja, akawaambia ukweli. Ijumaa asubuhi Mkurugenzi aliikuta imejazwa. Daftari la dirishani halikuwepo.

"Kesho ni siku ya kuchanganya," Mama Chaki akamwambia. "Nani atachanganya?"

"Mimi."

Binti akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikamponyoka Mama Chaki naye, kidogo, akakirudisha haraka. "Hutachanganya kitu," akasema. "Kesho utakwangua ndoo. Zote. Kuchanganya utajifunza zikishang'aa."

*

Mkurugenzi alimsindikiza mkewe. Alijiambia ni kwa sababu hajui njia, lakini alijua yeye mwenyewe lililompeleka: alitaka aonekane naye. Njiani hawakusema mengi. Mama Chaki alikuwa amevaa gauni lake la heshima, na alikuwa amejipaka mafuta mikononi mara tatu, lakini weupe ule ulibaki kwenye nyufa za vidole.

Getini mlinzi alimchangamkia Mkurugenzi kama kawaida. "Karibu, Bwana Ndoo Moja! Leo umetuletea mgeni?"

"Mgeni ni mimi," Mkurugenzi akasema. Alitaka kuishia hapo, akajilazimisha. "Ndoo ni ya kwake. Ilikuwa ya kwake tangu mwanzo. Mimi nilisema uongo."

Mlinzi akacheka, akidhani ni utani. Akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza, akasukuma daftari la wageni mbele ya Mama Chaki. "Jina lako hapa, mama. Kazi yako hapa. Na aliyekusindikiza naye aandikwe: jina, halafu uhusiano."

Mama Chaki akashika kalamu. Akaandika jina lake. Kwenye kazi akaandika: mtengeneza chaki. Chini yake akaandika jina la mumewe lote, jina lake na la baba yake, bila kukosea. Kalamu ikafika kwenye nafasi ya mwisho, ikasimama.

"Nikuandike nani?" akamuuliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mkurugenzi akatafuta neno la kumpa, akalipata neno lile linalojulikana na dunia nzima, la miaka kumi na saba, akaona hana haki ya kulitaja yeye.

"Andika unavyoona," akasema.

Mama Chaki akatazama ile nafasi. Akafunga kalamu, akairudisha kwa mlinzi.

"Mama, hapa hukujaza."

"Nimeona," akasema Mama Chaki. "Bado hatujaelewana."

Akaingia. Mkurugenzi alimtazama mpaka alipopinda kona ya jengo, daftari kwapani. Kisha akageuka kurudi nyumbani, ambako ndoo saba zilikuwa zinamngoja na ya nane ikiwa na mwiko ndani yake.